Ngoro ya Mwezi wa Saba

Daktari wa macho alikigeuza kichupa cha dawa juu ya kiganja cha Sajenti Ephrasia Nombo. Kikadondoka kitu cha kijivu, kidogo kama punje ya mtama.

"Hiki ndicho nilichokitoa," alisema. "Jicho lenyewe sikuliokoa."

Ephrasia alikisogeza dirishani. Nje, ziwa lilikuwa limetulia na akina mama wa Liuli walikuwa wakianika dagaa juu ya mawe. Kitu kile kilikuwa cha risasi, laini kiasi cha kuachiwa alama na ukucha. Kichwa kilikuwa bapa, kimebonyea upande, na katikati kilikuwa na kiuno. Hicho kiuno ndicho kilichomharibia asubuhi.

Kule Mbinga, mahabusu, alikuwa amewekwa mlinzi wa ghala la kahawa aitwaye Bernadi. Ghala lilikuwa la mnunuzi binafsi, mmoja wa wale waliomiminika milimani tangu serikali iruhusu kila mwenye gari na mizani kununua kahawa. Siku ambayo Rosina, binti wa Wendelin, alipigwa jichoni akichuma kahawa, Bernadi alifyatua gobore kufukuza nyani, na kijiji kizima cha Maguu kikasikia mlio. Inspekta William, mkuu wa upelelezi wa wilaya, hakuhitaji zaidi ya hapo. Jumatatu Bernadi angepandishwa kizimbani, na leo ilikuwa Jumamosi.

Lakini gobore lile Ephrasia alilikagua kwa mikono yake. Lilishindiliwa baruti na vipande vya misumari. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayekaa kuchonga kiuno kwenye kipande cha msumari.

"Palikuwa na kuungua usoni? Kwenye kope?"

"Hapana. Tundu moja, safi."

"Moja tu?"

"Sajenti, ningeona la pili ningekuambia."

Rosina alikuwa amelala kitanda cha mwisho wodini, nusu ya uso imefungwa bandeji. Baba yake, Wendelin, alikaa kwenye kigoda ameshika redio ndogo iliyofungwa kwa mpira, kwa sababu mfuniko wa betri ulipotea siku nyingi. Mama yake, Gertruda, alikuwa akimlisha uji.

"Rosina, ulisikia nini kabla ya kuumia?"

"Kama mtu anatema mbegu ya chungwa," mtoto alisema. "Pu."

"Si mlio mkubwa?"

"Ule ulikuwa wa Bernadi, ulitangulia. Bernadi akipiga tunaziba masikio. Mimi nilikuwa nishaacha kuziba."

Wendelin aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyelitaja jina la Bernadi polisi.

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Juu. Kulikuwa na ndege kwenye mti, ule mgrevilea wa mpakani kwa Bibi Walburga."

"Bila bibi Walburga mtoto angetufia njiani, afande," Gertruda alidakia. "Alitoka mbio nyumbani kwake, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Uzee ule! Mungu ampe nini."

Bibi Walburga alijulikana wilaya nzima, si kwa sababu yake mwenyewe bali kwa mwanawe. Alikuwa mama wa Ignatio Kinunda, mtangazaji wa mpira. Kila Jumapili sauti ya Ignatio iliingia katika kila nyumba yenye betri, na watu wa Maguu walitembea vifua mbele kama vile wao ndio wanaofunga mabao.

"Afande," Rosina alisema, "kesho mpira atatangaza Ignatio Kinunda?"

"Sijui, mwanangu."

"Mimi naijua sauti yake tu. Baba alisoma naye."

Ephrasia alikirudisha kipande cha risasi kichupani, akatoka.

*

Jumapili asubuhi Land Rover ya polisi ilipanda Maguu watu wakiwa misani. Ephrasia alianzia pale Rosina alipoangukia. Palikuwa na kikapu kimepinduka, na kahawa nyekundu ilishaanza kukauka juu ya majani. Alisimama, akauinulia uso mgrevilea wa mpakani. Nyuma ya mti, juu kidogo, lilikuwapo paa moja tu la bati.

Alitamani sana pawe na paa la pili. Hapakuwa nalo.

Alimkuta Bibi Walburga uani akitwanga, naye ni mtu ambaye hakuwahi kukosa misa. Chini ya mparachichi lilikuwa limeegeshwa gari zuri lenye namba za Dar es Salaam, mizigo imeshapakiwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo umekuja bila habari."

"Nimekuja kwanza kukushukuru kwa niaba ya Gertruda. Anasema ulimbeba mtoto."

"Ningefanyaje?" Bibi hakuinua macho kutoka kwenye kinu. "Nawa mikono, ule kiazi."

Alimletea maji katika kopo kuukuu la mafuta ya kupikia. Kopo lilikuwa likivuja. Ephrasia aliligeuza, akaona matundu matatu yaliyozibwa kwa sabuni ya kufulia, sabuni mojawapo imeshalainika. Aliibandua kwa ukucha. Kingo za tundu zilikuwa zimeingia ndani, nazo ziling'aa.

"Kopo limekupatia taabu, bibi."

"Kutu hiyo. La zamani."

"Kutu haing'ai, bibi."

Bibi Walburga aliacha kutwanga. Ephrasia alitoa kichupa mfukoni, akakishika kile kipande cha risasi kwa ncha za vidole, akakisukuma tunduni. Kilipita kwa kubana kidogo.

"Nani alikuwa akipiga kopo hili?"

"Afande, kuna tatizo gani?"

Sauti ilitokea mlangoni, na Ephrasia, pamoja na miaka yake yote ya upelelezi, alihisi nywele zikimsimama. Alikuwa akiisikia tangu yuko chuo cha polisi. Mtu mwenyewe alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na alikuwa ameanza kitambi.

"Habari za safari, Bwana Kinunda. Umefika lini?"

"Jana jioni. Nimemfuata kijana, Florian. Yuko hapa kwa bibi yake likizo hii." Alimwonyesha mvulana wa miaka kumi na minne aliyesimama nyuma yake na begi begani. "Tunaondoka sasa hivi. Ana shule."

"Shule zimefungwa."

Ignatio alikohoa. "Ana masomo ya ziada."

"Na mpira wa leo?"

"Nimemwachia mwenzangu. Niliitwa kwa redio ya misheni. Mama alikuwa mgonjwa."

Ephrasia alimtazama mama, ambaye alikuwa amesimama na mchi mkononi na jasho la kutwanga usoni. Mambo mengine mpelelezi huyaacha yajiseme yenyewe.

"Florian, mchana ule ulikuwa wapi?"

"Mwanangu hatahojiwa..."

"Anaulizwa mbele yako, Bwana Kinunda. Tena hapa nyumbani, si kituoni. Florian?"

"Nilikuwa nimelala."

"Wapi?"

"Ndani."

"Hukusikia mtoto akilia?"

Florian alitazama kiatu chake, akatazama shamba la juu, akarudi kwenye kiatu. Ephrasia aliuliza maswali mengine mawili ya kupotezea tu, kuhusu Bernadi na nyani, ili ayafuate macho yale. Kila mara yalipanda kule kule, kwenye kona ya shamba iliyopakana na kijito, kisha yakakimbia.

"Bibi," alisema, "nitatembea kidogo shambani."

Mchi ulianguka chini.

*

Anayevipita vilima vya Umatengo kwa mara ya kwanza hudhani mtu mwenye wazimu amezichimbachimba hizo kuta za milima. Ndizo ngoro. Mvua zikielekea ukingoni, mwezi wa tatu, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, miraba kwa miraba. Kisha wanawake hushika jembe. Huchimba katikati ya kila mraba na kuufukia ukoka kwa udongo, mpaka kila shimo lizungukwe na matuta manne, na juu ya matuta hupandwa maharage. Ephrasia alizichimba tangu akiwa msichana, nyuma ya mama yake, mgongo ukimuuma mpaka akawaza kukimbia. Na kweli alikimbilia polisi.

Ngoro za Bibi Walburga zilikuwa za mwezi wa tatu zote. Matuta yalishasinyaa, maharage yalishang'olewa, na udongo ulikuwa umefanya ganda la kijivu. Zote, isipokuwa moja. Ile ya konani, karibu na kijito, udongo wake ulikuwa mwekundu.

Mwezi wa saba! Hakuna Mmatengo anayechimba ngoro mwezi wa saba. Inspekta William angepita hapo akaona shimo kati ya mashimo, maana ni mwanamume na tena si wa huku. Na hata Ephrasia angeweza kupita kama lingekuwa fukio la ovyo ovyo, la mtu aliyechimba kwa haraka ya kuficha. Lakini ile ilikuwa ngoro kamili. Pembe zake zilikuwa sawa, matuta yamepigwa kwa mgongo wa jembe yakalainika, kina ni kile kile cha wenzake. Aliyeichimba alikuwa na hofu, halafu mikono yake ikaingia kazini na kusahau hofu.

Ephrasia alichuchumaa akachokoa tuta kwa kidole. Ndani yake mlikuwa na maharage mawili, makavu, yamepandwa kwa nafasi.

Wakati huo wote watatu walikuwa wameshamfuata. Bibi Walburga alikuja na jembe begani.

"Bibi, hata maharage umetia."

Bibi aliyatazama kwa mshangao. "Nimetia?" alisema. "Sikukusudia. Mkono umezoea tu."

"Nipe jembe."

"Acha, mwanangu. Nimeifukia mwenyewe, nitaitoa mwenyewe."

Alilifumua tuta la chini kwa mapigo machache. Pale ambapo pangekuwa na nyasi palikuwa na mfuko wa mbolea uliokunjwa kwa urefu. Ephrasia alivaa glovu, akaufungua. Ilikuwa bunduki ya upepo, mpya, kitako chake bado kinanukia upya wa dukani.

Chini bondeni kengele ya kanisa iligonga, na waumini walianza kutoka.

"Nilimbeba mgongoni," Bibi Walburga alisema. "Damu yake ilinishuka shingoni mpaka hapa. Nikamfikisha barabarani, nikarudi, nikachimba hii. Siku ile ile, sijabadili hata nguo."

"Kwa nini, bibi?"

"Huyu," alimnyooshea mwanawe kidole, "si wangu peke yangu. Watu wananisimamisha sokoni, wananishika mkono kwa ajili yake. Nikaona jina lake litaharibika. Nikaona na mtoto huyu ataharibika."

"Na Bernadi?"

Bibi alikaa juu ya tuta. Alionekana mdogo ghafla. "Bernadi nilisema watamwachia. Kila asubuhi nilisema, leo watamwachia. Andika ni mimi niliyepiga, mwanangu. Mimi nimeshaishi."

"Hilo sitaliandika, bibi."

Ephrasia alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia mbele ya mwizi yeyote. Alikuwa amekuja kumshukuru mwanamke huyu, na shukrani yenyewe ilikuwa ya haki.

"Bunduki ni yangu," Ignatio alisema. "Niliinunua Dar. Siku hizi madukani kila kitu kipo. Alifaulu mtihani, nikampa. Nilimwambia apige ndege tu."

"Alikuwa anapiga ndege," Ephrasia alisema. "Ina leseni?"

Ignatio alitikisa kichwa. Kisha alimsogelea, akashusha sauti. "Sajenti, mimi na wewe ni watu wa huku huku. Naomba tulizungumze jambo hili kikubwa, pembeni..."

"Lizungumze hapa hapa, Bwana Kinunda. Kwa sauti ile ya redioni, ili na mwanao asikie."

Ignatio alifungua mdomo. Alimtazama Florian, akaufunga.

"Nilimwona," Florian alisema. Begi lilikuwa limemtelemka begani. "Nilimwona kabla sijapiga. Alikuwa mbali, nikajua haitafika. Halafu akaanguka, nikakimbilia ndani. Bibi ndiye aliyetoka."

"Baba yako alijua lini?"

"Jana. Bibi alimwambia tukiwa tunakula."

Kwa hiyo mtu huyu alikuwa amelala usiku mzima juu ya habari hizi, na asubuhi akapakia mizigo. Ignatio mwenyewe alikuwa ameshaketi chini, karibu na mama yake, na suruali yake nzuri ikaingia udongo.

Kwenye Land Rover Ephrasia aliita Mbinga kwa redio, akampata Inspekta William.

"Bernadi atoke, mzee. Silaha ninayo mkononi."

"Umeipata kwa nani?"

"Nyumbani kwa Kinunda."

Redio ilikwaruza muda. "Kinunda yupi?"

"Huyo huyo unayemfikiria."

"Lahaula! Ephrasia, una uhakika? Maana huyo mtu..."

"Kijana amekiri mbele ya baba yake. Baba amekiri bunduki ni yake. Bernadi amekula ugali wa mahabusu bure, mzee. Atoke leo."

Inspekta William alipumua. "Haya. Atatoka. Walete hao kituoni."

Bibi Walburga alikuwa amesimama kwenye dirisha la gari. "Kabla ya kituoni," alisema, "wapelekeni kwa Wendelin. Kwetu habari kama hii haipelekwi na polisi. Anaipeleka aliyetenda, na mzazi wake. Nilikosa kulifanya siku ile, nisikose na leo."

Utaratibu haukusema hivyo. Lakini Wendelin alipaswa kuyarekebisha maelezo yake kuhusu Bernadi, na Wendelin alikuwa Liuli. Ephrasia alimwambia dereva ashuke ziwani.

*

Walipoingia hospitali, mpira ulikuwa umeshaanza, na sauti ngeni ilikuwa ikitangaza kutoka kwenye redio ya Wendelin mwisho wa wodi. Mtangazaji yule alijitahidi, ila majina ya wachezaji yalikuwa yakimpiga chenga.

Ignatio alisimama mlangoni. "Hodi," alisema.

Rosina aliinua kichwa kwenye mto kabla ya mtu mwingine yeyote. "Baba! Ni yeye! Ni yeye wa redioni!"

Wendelin aligeuka, na uso wake ukafunguka. "Ignas? Ndugu yangu Ignas!" Aliizima redio, akasimama, akafuta kigoda kwa mkono wa shati na kukisukuma mbele. "Umetoka Dar mpaka hapa kwa ajili ya mtoto wangu? Gertruda, unaona? Unaona mtu huyu? Kaa, ndugu yangu, kaa."

"Ndiyo maana leo hatangazi," Rosina alimweleza mama yake. Alikuwa akicheka kwa upande mmoja wa uso. "Umekuja kuniona mimi?"

"Ndiyo," Ignatio alisema.

"Nani kakwambia?"

Ephrasia alisimama karibu na ukuta. Angeweza kusema yeye, yakaisha. Alikuwa na maneno yote, amekwishayapanga kichwani kama ya maelezo ya polisi. Aliyameza.

"Sikai, Wendelin," Ignatio alisema. "Usinipe kigoda." Alimshika mwanawe bega, akamsogeza mbele mpaka magoti ya kijana yakagusa kitanda. "Rosina, huyu ni Florian. Ni mwanangu. Yeye ndiye aliyekupiga. Bunduki nilimpa mimi, na nilipojua, nilitaka kumtorosha. Bernadi hana kosa lolote."

Aliyasema kwa sauti ile ile, kila neno likisikika mpaka kitanda cha mlangoni. Gertruda aliweka bakuli chini polepole. Mkono wa Wendelin ulikuwa bado umenyooshwa kuelekea kwenye kigoda.

Rosina hakulia. Ilimlazimu azungushe kichwa chote juu ya mto ndipo ampate Florian kwa jicho lililobaki. Alimtazama muda mrefu.

"Na yule ndege?" aliuliza. "Ulimpata?"

"Hapana," Florian alisema. "Nilimkosa."

Wendelin alikivuta kigoda taratibu, akakikalia mwenyewe.